Maswali ya Wasomaji: Punje Hukomaa Lini, na Lini Huwa Tayari Kuota?

Barua nyingi tulizopokea baada ya mavuno zinahusu mbegu za nafaka ambazo wakulima wamejiwekea wenyewe. Tumechagua tano, kwa kuwa zote zinagusa jambo linalowachanganya wengi: punje kukomaa, punje kukauka na punje kuwa na uwezo wa kuota ni mambo matatu, na kila moja lina wakati wake.

Ndugu Mtaalamu, ninalima mahindi ya Staha karibu na Kilosa na huweka mbegu yangu mwenyewe. Safari hii ngedere waliingia shambani, nikalazimika kuvuna sehemu ya mahindi maganda yake yakiwa bado ya kijani. Punje hazikuwa za kuchoma tena, zilishaanza kuwa ngumu, lakini zilikuwa mbichi. Jirani yangu anasema mbegu hiyo haitaota kamwe. Je, ni kweli? Na nitajuaje kwamba hindi limekomaa kwa mbegu?

Jirani yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini hukumu yake ni kali mno. Ikiwa ulizikausha taratibu, punje nyingi katika hizo zitaota. Linalotia shaka zaidi ni nguvu ya miche itakayotokana nazo, na ili hilo lieleweke inafaa tuifuate punje tangu siku ilipotungwa.

Chembe ya chavua kutoka kwenye mbelewele inapotua juu ya ndevu za hindi, hutoa mrija mwembamba unaopenya ndani ya unywele mmoja na kushuka hadi kwenye yai lililo juu ya gunzi. Mrija huo hubeba mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai, na hapo huanza kiinitete, yaani mmea mchanga wenyewe. Nyingine huungana na viini viwili vilivyo katikati ya kifuko kilekile kinachobeba yai hilo, na hapo huanza ile sehemu kubwa ya wanga tunayoisaga kuwa unga. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Sergei Nawashin, ndiye aliyeeleza utungisho huu wa mara mbili kwa mara ya kwanza mwaka 1898. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba ndani ya kila punje kuna vitu viwili vinavyokua bega kwa bega, lakini si kwa kasi moja: mmea mchanga, na chakula kitakachoulisha siku zake za kwanza ardhini.

Katika wiki mbili za mwanzo punje huwa na majimaji tu. Kufikia wiki ya tatu majimaji hayo huwa meupe kama maziwa, na hilo ndilo hindi linalopendwa kwa kuchoma. Karibu wiki ya nne, maziwa huwa yamekuwa mazito na punje ikiminywa hutoa kitu laini kama ugali. Nyanda za juu zenye baridi huchukua muda mrefu zaidi, lakini mpangilio ni uleule. Sasa, jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba katika hatua hii ya ugali, wanga ukiwa bado haujafika hata nusu, kiinitete huwa tayari kina mzizi wake, chipukizi lake na majani kadhaa madogo yaliyokunjwa ndani. Uwezo wa kuota hutangulia sana kukomaa. Ndiyo maana nimesema mbegu yako haijapotea.

Hata hivyo, kuota ni jambo moja na kustahimili ukavu ni jingine. Kwa kawaida kiumbe hai kikipoteza karibu maji yake yote hufa, kwa sababu utando wa seli zake huchanika. Kiinitete cha nafaka huepuka kifo hicho kwa kujiandaa mapema: katika wiki za mwisho hujilimbikizia sukari za aina fulani pamoja na protini za pekee zinazozishikilia seli zisiharibike maji yanapoondoka. Kazi hiyo huongozwa na homoni iitwayo asidi ya absisiki, ambayo wakati huohuo huizuia punje isiote ikiwa bado kwenye gunzi lenye unyevu. Punje iliyovunwa mapema ikikaushwa polepole, kivulini, ikiwa bado kwenye gunzi, hupata nafasi ya kuendelea na maandalizi hayo. Ikipukuchuliwa mara moja na kumwagwa juu ya bati linalowaka kwa jua la mchana, maji hutoka kabla kinga haijakamilika, na kiinitete hufa huku punje kwa nje ikionekana nzuri kabisa.

Kuhusu swali lako la pili, hindi lenyewe hutoa alama mbili, na zote huonekana bila chombo chochote isipokuwa kisu. Livunje gunzi katikati, kisha tazama kipande cha upande wa ncha, pale lilipovunjikia. Kwa kuwa viinitete vyote hutazama ncha ya gunzi, mgongo wa punje, ambao hauna kiinitete, ndio utakaokuwa mbele yako. Juu ya mgongo huo utaona mstari unaotenganisha sehemu ngumu inayong'aa na sehemu iliyo bado na maziwa. Mstari huo huanzia kichwani mwa punje na kushuka siku hadi siku kuelekea kwenye kitako chake. Ukishafika chini, chomoa punje, kwangua kitako chake kwa kisu au ukucha, nawe utakuta doa jeusi au la kahawia iliyokolea. Doa hilo ni mabaki ya seli zilizokuwa zikipitisha sukari kutoka kwenye mmea. Zikishakufa na kusinyaa, njia imefungwa, na punje haiongezeki tena hata kwa chembe. Kwa aina nyingi za mahindi haya hutokea karibu siku 55 hadi 60 baada ya ndevu kutoka, na unyevu wa punje wakati huo huwa bado asilimia 30 hadi 35. Hindi limekomaa, lakini halijakauka.

Naomba uwe mwangalifu na doa hilo jeusi, kwa maana linaeleza kwamba njia imefungwa tu. Halielezi kama punje ilishiba kabla ya kufungwa. Ukame ukiua mmea mapema, au majani yakimalizwa na ugonjwa, doa hutokea kabla ya wakati wake juu ya punje ndogo yenye akiba kidogo. Punje kama hiyo huota kitaluni ikitunzwa, lakini ikifukiwa kwenye udongo mzito au kupandwa mbele ya mvua isiyotabirika, mche huishiwa chakula kabla majani hayajaanza kujitafutia.

Kwa hiyo mahindi uliyoyavuna mapema yaweke kwenye kichanja chenye hewa hadi punje zigongane kwa sauti kavu, kisha upukuchue na kuanika juani juu ya turubai, si chini moja kwa moja, mpaka unyevu ufike asilimia 12 au 13. Joto la mbegu lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Wanaotundika magunzi darini juu ya jiko hawakosei, maana moshi hufukuza wadudu, lakini magunzi mabichi yasikae jirani na moto. Msimu ujao, usivune mbegu mpaka doa jeusi litokee. Kama ngedere hawakupi nafasi, chagua mapema mistari ya katikati ya shamba, ilindeni, na mahindi ya pembezoni myavune kwa chakula. Wasomaji wanaopanda chotara watambue kwamba ushauri huu unahusu aina za uchavushaji huria, yaani zinazoachwa zichavushane zenyewe shambani, kama Staha: punje ya chotara nayo hukomaa na kuota vivyo hivyo, lakini uzao wake hautafanana na mama yake, na mavuno hushuka.

Ndugu Mtaalamu, niliupura mpunga wangu hapa Ifakara mwezi Juni, nikauloweka mwezi uleule nipande kitalu cha umwagiliaji. Zilizoota ni chache mno. Gunia lilelile nililipima tena Septemba, na karibu punje zote ziliota. Je, mpunga huendelea kukomaa ndani ya gunia?

Swali lako lina jibu ndani yake, dada. Mpunga wako ulikuwa umekomaa tangu Juni, ulikuwa umelala. Aina nyingi za mpunga wa nchi za joto hupitia usingizi wa mbegu unaoweza kudumu wiki chache hadi miezi miwili au mitatu tangu kuvunwa. Sehemu ya usingizi huo imo kwenye kumvi na ngozi ya punje, ambazo hupunguza hewa inayofika kwenye kiinitete. Punje zilizomenywa kumvi kwa uangalifu mara nyingi huota wakati wenzake bado zimelala. Sehemu nyingine imo ndani, ambako homoni ile ya kuzuia kuota bado ina nguvu. Punje ikikaa kavu na katika joto, kizuizi hicho hupungua chenyewe. Maabara za mbegu huharakisha jambo hilo kwa kuuweka mpunga mkavu katika joto la nyuzi 50 kwa siku nne au tano kabla ya kuupima, la sivyo zingeweza kuikataa mbegu njema kwa kudhani imekufa.

Wanaoudhiwa na usingizi huu wafikirie upande wa pili. Mpunga ambao mbegu zake hazina usingizi huota masukeni mvua ikiukuta shambani, hasa mabua yakiwa yameangukia chini. Mpunga pori unaowasumbua wakulima wa Kilombero na Kyela hulala kwa kina zaidi, na mbegu zake zilizopukutika zinaweza kukaa ardhini na kuota kidogo kidogo msimu baada ya msimu. Ndiyo sababu palizi ya mwaka mmoja haiumalizi. Babu zetu waliofuga mpunga, kila walipopanda na kuvuna kilichoota pamoja, walikuwa wakichagua mimea inayoamka haraka bila wao kukusudia. Inavutia kuona kwamba rangi nyekundu ya ngozi ya punje huambatana mara nyingi na usingizi mzito, katika mpunga na katika ngano pia: ngano nyeupe huota masukeni kwa urahisi kuliko nyekundu.

Kwa shughuli zako, tumia mbegu ya msimu uliotangulia kwa kitalu cha Juni, au chagua aina ambayo umeshaijua kwamba hailali muda mrefu. Usiongeze siku za kuloweka kwa matumaini kwamba itaamka, maana itaoza.

Mhariri, mimi ni mkulima wa Trans Nzoia. Mvua ya Oktoba na Novemba ilikuta mahindi yangu yakiwa yamekauka shambani. Nilipofungua maganda nikakuta punje zimeota zikiwa bado kwenye gunzi, na machipukizi marefu kama sindano. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

Pole sana. Kwa maelezo uliyotoa, hatuoni sababu ya kuilaumu mbegu. Tofauti na mpunga, mahindi hayana usingizi wa maana baada ya kukomaa. Asidi ya absisiki iliyoyazuia yasiote wakati yakiwa mabichi hupungua sana kadiri punje inavyokauka, kwa hiyo punje kavu ikinyeshewa haina tena kinachoizuia. Hindi lililosimama wima likiwa na maganda yaliyofunguka nchani hukusanya maji, na maji hayo hushuka hadi kwenye kitako cha gunzi. Kagua masalio yako: zilizoota kwa wingi pengine ziko upande wa chini.

Yapo kweli mahindi yenye kasoro ya kurithi inayoyafanya yaote kwenye gunzi hata kabla ya kukomaa, na wanasayansi wa Marekani wamekuwa wakiyachunguza tangu miaka ya 1930. Katika mengi ya hayo, mmea hushindwa kutengeneza rangi za njano za jamii ya karoti, ambazo ndizo malighafi ya homoni inayozuia kuota. Punje zake huwa zimepauka na miche hutoka myeupe na kufa. Tusiyachanganye na mahindi meupe tunayokula kila siku, kwani hayo hukosa njano kwenye wanga tu, huku kiinitete na majani yakiendelea kutengeneza rangi hizo kama kawaida. Kama kasoro ingekuwa ya mbegu, ungeiona kwenye magunzi machache yaliyotawanyika, punje chache kwa kila moja, mvua iwepo isiwepo.

Katika maeneo ambayo mvua huchelewa kukatika, kusubiri hindi likaukie shambani ni kujiweka hatarini. Doa jeusi likishaonekana, hindi halipati faida yoyote zaidi kwa kubaki kwenye bua. Livune unyevu ukiwa karibu asilimia 25, ulimenye, ulitandaze kwenye ghala la fito lenye kupitisha upepo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, pendelea aina ambazo maganda yake hufunika ncha vizuri na ambazo hindi huinama linapokauka. Punje zilizokwisha kuota hazitafaa tena kuwa mbegu, kwa kuwa mzizi ukishachomoza, kinga ile dhidi ya ukavu inakuwa imeondoka, na kuzianika tena ni kuziua. Zilizo na ukungu zisiliwe na watu wala kupewa mifugo, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Shikamoo Mtaalamu. Hapa Moshi tunatengeneza kimea cha ulezi kwa ajili ya pombe ya mbege. Kwa nini ulezi wa miaka mingi hautoi kimea kizuri hata ukilowekwa vizuri?

Marahaba. Kimea ni kuota kulikokatishwa njiani, kwa hiyo punje isiyoota haiwezi kuwa kimea. Punje hai ikinywa maji, kiinitete hutoa homoni iitwayo jiberelini. Homoni hii ilianza kujulikana kupitia ugonjwa wa mpunga nchini Japani, ambako Eiichi Kurosawa alionyesha mwaka 1926 kwamba ukungu fulani hutoa kitu kinachoirefusha miche kupita kiasi. Ndani ya punje, jiberelini husafiri hadi kwenye tabaka jembamba la seli hai linalouzunguka wanga, na seli hizo hutoa vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Kiinitete kikifa kwa uzee, hakuna anayetoa agizo, na wanga hubaki ulivyo hata ukilowekwa wiki nzima.

Nguvu ya vimeng'enya hivyo unaweza kuiona jikoni. Pika uji mzito wa mahindi, uache upoe kiasi, kisha koroga ndani yake kijiko cha unga wa kimea: kwa dakika chache uji hulainika na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza njia hiyo katika miaka ya 1980 kwa uji wa watoto wadogo, ili mtoto apate chakula kingi zaidi katika kikombe kilekile.

Ndugu Mhariri, nina mtama mweupe niliouweka kwenye pipa hapa Dodoma tangu mwaka juzi. Nimesikia kwamba ngano iliyotolewa katika makaburi ya Mafarao iliota. Je, mtama wangu bado ni mbegu?

Habari ya ngano ya Mafarao haina ukweli. Ngano halisi iliyochukuliwa makaburini na kupimwa haikuota, na viinitete vyake vilikutwa vimeharibika kabisa. Nafaka iliyowekwa katika hali ya kawaida hupoteza uhai katika miaka, si katika karne. Kinachoamua ni unyevu na joto. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni ambayo wahifadhi wa mbegu bado wanaitumia: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, umri wake huongezeka karibu maradufu, na vivyo hivyo joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi tano. Kwa sababu hiyo hifadhi ya mbegu ya Svalbard, Norwe, iliyofunguliwa mwaka 2008, huzitunza mbegu zikiwa kavu katika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Hewa kavu ya Dodoma inakusaidia, joto lake halikusaidii. Kama mtama uliingia kwenye pipa ukiwa mkavu na mfuniko ukabana, upo uwezekano mkubwa kwamba sehemu kubwa bado ni hai. Kama uliingia na unyevu, pipa lililofungwa liliuhifadhi unyevu huo pamoja nao.

Usikisie, pima. Chota kutoka juu, katikati na chini ya pipa, changanya, kisha hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, zisigusane, ukikunje na kukiweka mahali penye joto, kikiwa na unyevu lakini kisichuruzike maji. Kagua siku ya nne, kisha siku ya kumi. Hesabu zile tu zilizotoa mzizi na chipukizi vyote viwili vikiwa vizima. Zenye mzizi peke yake, zilizopinda na kuvimba, au zilizofunikwa na ukungu zihesabiwe kuwa zimekufa. Zikipatikana 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa kati ya 60 na 85, ongeza idadi ya punje kwa kila shimo. Zikiwa chini ya hapo, mtama huo usage kwa chakula ikiwa ni msafi na haujawekwa dawa, utafute mbegu nyingine kabla mvua hazijaanza.